Yule Dereva Ndiye Baba

Kazini wote walimwita Masafa. Alikuwa dereva wa lori la trela, na wenzake walimbandika jina hilo kwa sababu hakuwahi kukataa safari ndefu. Wengine walipoanza kutaja homa ya mama mkwe au harusi ya jirani, yeye alikuwa ameshawasha injini. Alibeba saruji, nondo na mabati, na mara nyingine vigae vya bafuni ambavyo vilimnyima raha njia nzima kwa jinsi vilivyolia kila kwenye shimo. Aliondoka nyumbani watoto hawajaamka, akarudi wiki mbili baadaye, akalala usingizi wa mfu, akaamka, akala, na kabla hajazoea tena mlango wa choo unafunguka upande gani, huyo, keshaondoka.

Watoto walikuwa watatu. Wa kwanza, binti wa miaka minane, alipewa jina la Wakili kwa kuwa hakuna neno lililopita mbele yake bila kuhojiwa. Wa pili alikuwa mvulana wa miaka sita, mpole, mwenye maneno machache. Huyo walimwita Kimya. Wa mwisho, msichana wa miaka mitatu, aliitwa Sisimizi. Ukimgeuzia kisogo tu, keshapanda juu ya kitu. Mama yao aliuza katika duka la dawa, kutwa kucha amesimama nyuma ya kaunta akiwaelekeza watu vidonge vya kumeza kabla ya chakula na vya baada ya chakula.

Halafu alikuwepo Bamdogo. Huyu alikuwa mdogo wake Masafa, tumbo moja, kinyozi, na alikaa chumba cha uani. Alikuja "kwa muda tu" wakati anatafuta pa kuanzia maisha, na muda ule ukavuta miaka mitano. Saluni yake ilikuwa mtaa wa pili kutoka nyumbani, hivyo yeye ndiye aliyewafuata watoto shule, aliyewapashia chakula, aliyejua nani ana jino linalotikisika na nani kapigana na nani. Jina lenyewe lilikuwa baba mdogo, likasagwa na ndimi za watoto mpaka likabaki Bamdogo.

Masafa alimpenda mdogo wake, hilo hata mtu angemwamsha usingizini angelisema. Lakini kila alipopiga simu kutoka kwenye maegesho ya malori, roho ilimuuma. Alikuwa anashika simu kwa mkono mmoja na sahani ya chakula kilichopoa kwa mkono wa pili, na upande wa pili wa simu anasikia vicheko. "Baba, ngoja kidogo, Bamdogo anatuigizia mteja aliyelala kwenye kiti." Anangoja. Anasikia miguu inakimbia. Halafu simu inakatika, na hakuna anayepiga tena. Na hata siku alizokuwa nyumbani, alikuwa anaamka mchana na kukuta nyumba nzima imezizima, hakuna mtoto. Wako wapi? Saluni, kwa Bamdogo. Anakaa peke yake sebuleni na soksi moja mguuni, kama mgeni aliyefika siku siyo.

Katika njia zake kulikuwa na mahali ambapo barabara ilishuka kutoka mlimani na kupita kando ya maporomoko ya maji. Mto ulianguka kutoka kwenye mwamba, ukatuama chini katika dimbwi la kina cha magoti, halafu ukaendelea na safari yake. Wakati wa likizo magari ya familia yalijaa pale. Siku moja, akishuka taratibu na tani zake za saruji, Masafa alimwona mwanamume amekunja suruali, kambeba mtoto shingoni, wote wawili wamelowa chapachapa na wanacheka. Lori lilipita, picha ile ikabaki. Siku mbili nzima Masafa alimwonea kijicho mtu asiyemjua hata jina.

Aliporudi nyumbani alitangaza mezani: "Likizo hii ya kiangazi nawapeleka mimi. Kwa gari. Kwenye maporomoko."

Watoto walipiga kelele hadi jirani akauliza kuna nini. Masafa akaomba ruhusa kazini, akaazima gari la viti saba kwa rafiki yake makanika, akalikagua mwenyewe breki, maji, taa, mpaka vifutio vya kioo. Asubuhi ya safari alitoka nje akamkuta Bamdogo anapanga mabegi nyuma ya gari, kavaa kofia ya jua.

Masafa akamvuta mkewe pembeni, jikoni. "Nani kamwambia huyu naye anakwenda?"

Mkewe alikuwa anafunika mayai ya kuchemsha. Akamtazama kwa mshangao. "Kwani nani angemwambia haendi?"

Hakukuwa na namna ya kulisema bila kuonekana mtu wa ajabu. Akachukua chupa ya chai akaenda kukaa kwenye usukani.

Watoto waligombania viti. Ugomvi wao haukuwa wa dirisha, ulikuwa wa nani atakaa karibu na Bamdogo. Mwisho Bamdogo akakaa katikati, Wakili kulia, Kimya kushoto, Sisimizi nyuma yao kwenye kiti chake cha mtoto lakini mguu wake mmoja kauweka juu ya bega la baba yake mdogo, kama mtu anayeweka alama kwenye kiwanja chake. Mama watoto alikaa mbele. Gari likatoka.

Masafa alikuwa ameisubiri sehemu hii. Barabara ilikuwa yake, bwana. Nyumbani huenda hakujua vikombe vinakaa wapi, lakini hapa kila kona ilikuwa na hadithi. "Mnaona lile daraja?" akaanza, sauti ameinua ifike nyuma. "Pale ndipo tairi lilinipasukia, mvua inanyesha, nikalala siku mbili ndani ya..."

"Baba, subiri kidogo," Wakili akamkatiza. "Ni zamu yangu."

Nyuma kulikuwa na mchezo. Bamdogo alikuwa ameubuni palepale: kila gari linalokuja mbele, mtu anakisia waliomo ndani wanagombania nini. "Hao wamesahau ufunguo wa nyumba," Wakili akasema. "Huyo mwenye miwani kamkanyaga paka wa mkewe," Bamdogo akasema. Hata Kimya alisema, "Hao hawagombani, wamenuniana," na gari zima likaangua kicheko, mama watoto akiwemo. Masafa alitazama kwenye kioo. Aliona vichwa vitatu vimeinamia kichwa kimoja, na hakuna jicho hata moja lililokuwa linatazama mbele. Akafungua redio. Mkewe akaipunguza sauti. Daraja lilikuwa limeshabaki nyuma zamani.

Walipofika sehemu ya tambarare Kimya akasema, kwa sauti ya chini, "Nataka kukojoa."

"Vumilia, baba. Kuna kituo kizuri mbele, kina vyoo visafi."

Bamdogo akajisogeza mbele. "Kaka, simamisha tu hapo kando. Huyu akisema mara moja, ujue keshavumilia yake yote."

Maneno hayo yalikuwa ya kawaida, na yalisemwa kwa adabu. Lakini Masafa aliyasikia kama kidole jichoni. Yaani afundishwe mtoto wake? Afundishwe barabara? "Nimesema kuna kituo mbele," akajibu, akakanyaga mafuta.

Kituo kilikuwa mbali kuliko alivyokumbuka, kwa sababu alikuwa amezoea kukihesabu kwa tumbo la mtu mzima. Walipofika, Kimya hakushuka. Alikuwa ameweka mikono juu ya mapaja na anatazama sakafu ya gari, machozi yanamtoka bila sauti. Kiti kilikuwa kimelowa. Masafa akafungua mlango, akasema, "Si kitu, mwanangu, njoo," akanyoosha mikono. Mtoto akazungukia mlango wa upande wa pili na kumkimbilia Bamdogo, akauficha uso tumboni mwake. Bamdogo akamfunika kwa kofia yake ya jua kiunoni, akaenda naye chooni akimwambia kitu ambacho Masafa hakukisikia. Waliporudi, mtoto alikuwa kavaa suruali nyingine na kidogo anatabasamu. Masafa alikuwa amepiga magoti anafuta kiti kwa gazeti.

Wakakaa kula kwenye mgahawa wa pale kituoni. Masafa alichelewa kuingia. Alikwenda kunawa, akatumia muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipokaribia meza, mhudumu alikuwa anaweka sahani, mwanamke mchangamfu mwenye aproni ya bluu. Alikuwa anamtazama Bamdogo, ambaye Kimya kamkalia pajani na Sisimizi kamning'inia mgongoni.

"Baba, una kazi wewe!" mhudumu akasema. "Na mlivyofanana sasa, hadi masikio."

"Huyu siyo baba," Wakili akasahihisha, kwa ile sauti yake ya mahakamani. Akanyoosha kijiko kumwelekea Masafa. "Huyu ni Bamdogo. Yule dereva ndiye baba."

Mhudumu akageuka, akamwona Masafa na kofia yake ya kazini, ufunguo wa gari mkononi. "Ala! Samahani, kaka. Nilidhani mmekodi gari na mtu wake."

Bamdogo akacheka. Akainua macho, akakutana na uso wa kaka yake, kicheko kikafa njiani. Masafa akavuta kiti cha pembeni, akala bila kujua anakula nini. Kufanana hadi masikio! Kwani masikio yale Bamdogo aliyatoa wapi, kama si kwa baba yao wote wawili? Yeye Masafa naye alikuwa nayo. Lakini hakuna aliyeyaangalia.

Jioni walifika kwenye nyumba ya wageni, mji mdogo chini ya milima. Masafa alishughulika na gari. Akapima upepo wa matairi ambayo hayakuwa na tatizo, akayapima tena. Alipozunguka nyuma ya nyumba kutafuta maji ya kuosha kioo, akamkuta mkewe na Bamdogo bombani. Mkewe anafua ile suruali ya Kimya, Bamdogo anakamua nguo nyingine, na wote wawili wanacheka. Mkewe alikuwa ameinamisha kichwa, kajishika ubavu kwa mkono wenye povu, machozi yanamtoka.

Masafa alisimama pale. Kwake yeye mkewe alikuwa anacheka pia, ndiyo, lakini kicheko cha kaunta, kile cha kumchekea mteja anayeeleza alivyopata upele.

"Mnacheka nini?" akauliza.

Mkewe akajifuta uso. "Ah, hamna. Mambo ya nyumbani tu."

Hakukusudia ubaya. Lakini neno lile lilimchoma kuliko yote ya siku ile. Mambo ya nyumbani. Kama kwamba yeye kwao ni kwingine. Akajaza chupa yake maji, akaondoka, na nusu ya maji ilimwagika viatuni.

Asubuhi, wakati wa kifungua kinywa, alijaribu mara ya mwisho. Alimmenyea Sisimizi yai, akalikata vipande vidogo, akatia chumvi, akampelekea kinywani. Mtoto akafunga mdomo, akageuza shingo. "Bamdogo anipe."

"Hili nimekumenyea mimi, mama. Kula."

"Bamdogo anipe!"

Bamdogo akajifanya hamnazo, anatazama ukutani, lakini mtoto alishaanza kulia. Masafa akaliweka yai chini. Akasimama. "Bwana mdogo, njoo mara moja."

Walisimama kwenye maegesho, kati ya gari na ukuta.

"Nataka urudi nyumbani," Masafa akasema.

"Nyumbani? Leo?"

"Kituo cha basi ni hapo tu. Saluni imefungwa, wateja wako watahamia kwa mwingine."

"Kaka, wateja wangu unawajali tangu lini? Sema, nimekosa nini?"

Masafa alitafuta kosa. Alilitafuta kweli, kama mtu anayepapasa mifukoni, na hakulipata. Hilo likazidi kumkasirisha. "Hujakosa. Nataka kuwa na watoto wangu. Nalo ni kosa?"

"Siyo kosa."

"Basi."

"Sawa, kaka." Bamdogo akaenda kuchukua begi lake, akarudi. Alikuwa ameshika shati lake la mistari, lile alilolala nalo. "Sitawaaga, Sisimizi atalia njia nzima. Akitaka kulala mchana, mpe ashike mkono wa hili shati. Asipolishika halali." Masafa hakunyoosha mkono. Bamdogo akaliweka juu ya boneti, akatoka getini bila kugeuka nyuma. Masafa akalichukua kwa ncha za vidole, akalitupa chini ya kiti.

Alidhani atasikia nafuu. Kwa muda mfupi aliisikia kweli. Akaingia kwenye gari, akapiga makofi, akasema kwa uchangamfu, "Haya, jeshi langu, twende!"

"Bamdogo yuko wapi?" Wakili akauliza.

"Amerudi. Ana wateja."

"Wateja gani? Jana alisema amefunga mpaka tukirudi."

"Wamempigia."

"Simu yake ninayo mimi tangu jana nacheza, haijaita." Akaiinua waione. Kisha akaishusha, na uso wake ukabadilika taratibu. "Umemfukuza."

Kimya akaanza kulia. Sisimizi akaona kaka yake analia, akaunga mkono kwa nguvu zake zote. Masafa alipitia kituo cha basi, akamrudishia mdogo wake simu ile kwa dirisha la basi, mbio mbio, bila wawili hao kuangaliana machoni. Mkewe alingoja mpaka mji ulipoisha na barabara ikaanza kupanda.

"Baba watoto," akasema, sauti ya chini ili nyuma wasisikie. "Mimi nimeishi miaka tisa na mke mwenza mwenye matairi kumi na nane. Unalala naye, unamwosha, unajua kila anapouma. Umewahi kuona nimemfukuza?"

Masafa akabana meno. "Siyo sawa na hilo."

"Sijasema ni sawa. Nimesema sijamfukuza."

Sisimizi alilia hadi sauti ikakauka. Kila walivyomtuliza, alikataa. Mwishowe mkewe, akitafuta chupa ya maji, akalikuta shati chini ya kiti, akampa. Mtoto akaukamata mkono wa shati kwa ngumi mbili, akavuta pumzi ndefu ya kwikwi, akalala papo hapo. Masafa aliendesha akiangalia mbele, na aliona wivu hata kwa kitambaa kile.

Maporomoko yalikuwa vilevile kama alivyoyajua, ila kwa karibu yalikuwa na kelele kubwa zaidi. Magari yalijaa, watoto wa watu wanarusha maji, akina mama wanagawa machungwa. Sisimizi aliamka, akasikia ule mngurumo, akamng'ang'ania mama yake shingoni na kugoma kukaribia. Wakili alikunja mikono ndani ya gari. "Mimi nimegoma," akatangaza. Kimya alishuka, lakini akaenda kusimama upande wa barabarani, akiyapa maji mgongo.

Masafa alivua viatu. Alikunja suruali hadi magotini, akaingia kwenye dimbwi, akageuka kuwaita. Hakuna aliyekuja. Akabaki amesimama pale katikati ya maji, mtu mzima, peke yake, na pembeni yake wanaume wengine wanabeba watoto wao mabegani. Alikuwa amekuja kutoka mbali kote huko kuwa yule mtu wa dimbwini. Sasa alikuwa dimbwini, na bado aliwaonea wivu, tena sasa kwa karibu, wakimrushia matone usoni.

Alipoangalia ukingoni tena, Kimya alikuwa amesogea.

"Baba," mtoto akasema. "Lile lori mbona matairi yake mengine hayagusi chini?"

Masafa akageuka. Lori moja la trela lilikuwa limeegeshwa juu kando ya barabara, tupu. "Lile halina mzigo. Likiwa tupu, dereva anainua ekseli moja, chuma kinachoshika matairi yale, ili yasilike bure. Likibeba, anaishusha."

"Kwa kubonyeza?"

"Kwa kubonyeza."

"La kwako pia linabonyezwa?"

"La kwangu pia."

Kimya akalitafakari hilo. Akaingia kwenye maji na viatu vyake, bila kukumbuka kuvivua. "Ukiwa ndani unalala wapi?"

"Nyuma ya kiti kuna kitanda chembamba. Nikigeuka vibaya naangukia usukani, honi inalia, naamsha madereva wote."

Mtoto akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, na Masafa alikaa kimya asije akakitisha.

"Unatukumbuka ukiwa unaendesha au ukishafika?"

"Nikiwa naendesha," Masafa akasema. Aliona hana sababu ya kupamba. "Nikifika nakuwa na usingizi tu."

"Na nyumbani pia unakuwa na usingizi. Bamdogo anasema tusikuamshe. Ukija, anatuambia baba amechoka kwa ajili yetu, halafu anatutoa kwenda saluni ili tusipige kelele. Mimi nilikuwa nataka nikae, lakini Wakili ana kelele, kwa hiyo lazima tuende wote."

Masafa alisimama na maji yanampita miguuni. Kwa hiyo ile nyumba iliyozizima. Ule mchana wote wa soksi moja. Alikuwa ameuhesabu kuwa wizi, kumbe mdogo wake alikuwa anamlindia usingizi.

Akampandisha Kimya shingoni, siyo kwa sababu ya yule mtu wa dimbwini, bali kwa sababu viatu vya mtoto vilikuwa vimejaa maji. Wakatoka. Akachukua simu, akasimama mbali kidogo na mngurumo, akampigia mdogo wake.

"Kaka," Bamdogo akapokea. Kulikuwa na kelele za basi.

"Umefika wapi?"

"Nusu njia. Sisimizi alilala?"

"Alilala na shati lako." Masafa akayageuzia maporomoko mgongo. "Mdogo wangu, nimefanya kitu cha kitoto. Niliona wivu. Ni hivyo tu, hakuna kingine. Nisamehe."

"Iliniuma, kaka, nisikufiche. Lakini yameisha. Nami nilikuwa na langu, nilingoja safari iishe nikuambie. Nahama. Nimepata chumba karibu na saluni. Naoa mwisho wa mwezi ujao."

Hili ndilo lilikuwa jambo alilokuwa akilitaka tangu jana, au tangu miaka kadhaa iliyopita. Masafa alitakiwa afurahi. Badala yake maneno yakamtoka kabla hajayapima: "Sasa watoto nani atawafuata shule?"

Bamdogo alicheka mpaka ikasikika abiria mwenzake anamuuliza kuna nini. "Kaka, asubuhi ulikuwa unanifukuza!"

"Hongera," Masafa akasema, akiona aibu. "Hongera sana, bwana. Ni nani huyo?"

Wakaongea mpaka mlima ulipokata mawasiliano.

Wiki iliyofuata Masafa alikwenda kwa msimamizi wake kazini kuomba njia za mjini, zile za kupeleka saruji kwenye maduka ya vifaa na kurudi jioni. Msimamizi alidhani anataniwa. Wenzake hawakumwacha, siku ya tatu jina lilishabadilika, kutoka Masafa wakamwita Mita. Aliitika. Lori alilopewa lilikuwa dogo na lilikuwa na harufu ya samadi ambayo haikutoka hata kwa sabuni.

Na wivu? Wivu haukuondoka. Mtu asidhani ulizama kwenye lile dimbwi. Siku moja alijaribu kumnyoa Kimya mwenyewe, akamwachia ngazi kichwani, na mtoto akaenda kwa Bamdogo kusawazishwa huku akimwambia, "Baba kajitahidi." Masafa alisimama mlangoni mwa saluni akitazama mikono ya mdogo wake inavyokizungusha kile kichwa kidogo bila kutumia nguvu, na roho ilimuuma kama zamani. Mkewe, aliyekuwa pembeni, akamuuliza taratibu, "Unaona wivu?"

"Naona."

"Haya. Lipa nywele, twende."

Bamdogo alioa, akahama. Uani pakabaki patupu, watoto wakanuna siku kadhaa, wakazoea. Jumamosi waliruhusiwa kwenda kushinda kwake, na Jumamosi Masafa alikuwa na hasira za bure, akirekebisha vitu ambavyo havikuharibika.

Alasiri moja Sisimizi alipatwa na homa. Mama yake alikuwa kazini, akaagiza dawa kwa simu, Masafa akazipima kwa kijiko mara mbili kwa hofu ya kukosea. Akamlaza kitandani, akakaa chini sakafuni, mkono wake chini ya shavu la mtoto. Sisimizi alisinzia, akahangaika, akaita, "Bamdogo."

Masafa hakuitika. Mtoto akafungua macho, akamtazama, muda mrefu, kama anayetafuta mtu kwenye umati.

"Ni wewe?" akauliza.

"Ni mimi."

"Haya," akasema, akafumba macho.

Jikoni kulikuwa na kitu kinaanza kuungua. Masafa alikisikia kwa pua, akajua ni maharage, na mkono wake ulikuwa umekufa ganzi hadi begani. Hakuinuka.